Kuvunjika kwa mifupa ya kati ya pua na macho: mwongozo wa upasuaji, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nawaandikia madaktari vijana wa upasuaji wa kinywa, uso na taya, wenzao wa pua, koo na masikio, na wale wa hospitali za wilaya na mikoa ambao majeruhi huwafikia kwanza. Hauchukui nafasi ya kusimama mezani na mwalimu wako. Ni wa kusoma usiku wa kuamkia upasuaji, au pale dereva wa bodaboda anapoletwa mapokezi uso umevimba hata macho hayafunguki.

Eneo lenyewe ni dogo, lakini mambo mengi yamebanana humo. Kuna mifupa ya pua, tawi la mfupa wa taya la juu linalopanda kando ya pua, mfupa wa machozi, mfupa wa ethmoidi (ule mwembamba ulio kati ya pua na tundu la jicho), na ncha ya chini ya mfupa wa paji. Mbele mifupa hii ina unene wa kutosha kubeba skrubu. Nyuma yake, ukuta wa ndani wa tundu la jicho ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kishindo kikishavunja sehemu ya mbele, nyuma hakuna cha kukizuia: pua inadidimia, kuta zinasagika, na mara nyingine ufa unapanda hadi sakafu ya fuvu.

Katikati ya hayo yote kuna kano inayoshikilia kona ya ndani ya jicho. Inakishika kifuko cha machozi mbele na nyuma, kisha inajifunga kwenye mfupa. Kipande cha mfupa kinachobeba kano hiyo ndicho upasuaji huu unachokitafuta. Kikisogea, kona ya jicho inakwenda nje na kuwa ya mviringo, kope inalegea, macho yanaonekana yameachana. Kikiungana mahali pasipo pake, ngozi nayo inanywea na kushikamana hapo, na upasuaji wa marekebisho haufikii kile ambacho ule wa kwanza ungeweza kukipata, hata mikono iwe ya bingwa gani. Nafasi nzuri ni moja, na ni ya mwanzo. Kila hatua hapa chini nimeiandika kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya kwanza: uhai, kisha jicho, kisha mfupa

Njia ya hewa, damu, shingo na ubongo vinatangulia, kama kwa majeruhi yeyote. Kwa jeraha hili ongeza katazo moja: usipitishe mrija wowote puani, uwe wa chakula au wa hewa, kabla CT-scan haijakuonyesha kwamba sakafu ya fuvu ni nzima. Damu ikizidi na ikalazimu kujaza gozi, afanye mwenye uzoefu, akielekeza gozi nyuma sambamba na sakafu ya pua, kamwe si juu. Mpe chanjo ya pepopunda.

Halafu jicho. Uvimbe usikuzuie: fungua kope taratibu kwa vifungua kope bila kulikandamiza jicho, umwulize anaona vidole vingapi, na kama haoni vidole, anaona mwanga? Hamisha tochi kutoka jicho moja hadi jingine. Mboni inayopanuka unapoimulika inakuambia kwamba mshipa wa fahamu wa jicho hilo umeumia. Ukishuku jicho lenyewe limepasuka, lifunike kwa ngao ngumu isiyoligusa na umwite daktari wa macho. Hakuna mfupa utakaoguswa kabla yake.

Dharura ambayo haingoji mtu ni damu inayojikusanya nyuma ya jicho. Jicho linatokeza, ukiligusa ni gumu, maumivu ni makali, na uwezo wa kuona unapungua mbele yako. Hapo hapo kitandani, kwa ganzi, kata kona ya nje ya jicho kisha ukate tawi la chini la kano ya kona hiyo, mpaka kope ya chini iachie. Usimpeleke kwanza kwenye CT-scan. Mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii kukosa damu kwa zaidi ya saa moja na nusu hivi, na kidonda cha kona ya nje hushonwa baadaye bila taabu. Daktari wa wilaya anaweza kulifanya hili, na anapaswa kulifanya.

Watoto wana mtego wao. Mtoto aliyepigwa usoni anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, lakini jicho halina uwekundu wala uvimbe mkubwa. Wengi humwekea uangalizi wa jeraha la kichwa. Mwambie aangalie juu na chini. Jicho likigoma, msuli umebanwa kwenye ufa wa mfupa, na unatakiwa kuachiwa ndani ya saa 24 hadi 48, kabla haujafa.

Hatua ya pili: pima, shika, linganisha

Pima umbali kati ya kona za ndani za macho. Kwa mtu mzima vitabu vinatoa milimita 30 hadi 35. Ukizidi 40 baada ya ajali, kano imesogea karibu kwa hakika. Lakini usizitegemee namba hizo peke yake. Wengi wetu Waafrika tumezaliwa na nafasi pana kidogo kuliko hiyo, na daktari anayefuata namba tu anaweza kumpasua mtu ambaye mfupa wake haujaenda popote. Linganisha na umbali wa kutoka mboni hadi mboni: nafasi ya kona za ndani huwa takriban nusu yake. Kisha omba picha ya zamani. Kitambulisho cha taifa kinafaa, picha ya harusi kwenye simu ya ndugu inafaa zaidi, na picha hiyo ibandikwe ukutani siku ya upasuaji. Kama umeumia upande mmoja tu, pima kila kona kutoka mstari wa katikati ya uso.

Sasa ijaribu kano. Weka kidole kimoja kwenye kona ya ndani, na kwa mkono mwingine ivute kope kwa nje. Kano nzima huikaza ngozi chini ya kidole chako kama upote wa upinde. Usipohisi mkazo, ama mfupa umelegea ama kano imeng'oka.

Kipimo kinachoamua zaidi kinafanywa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na baada ya kuisoma CT-scan: ingiza koleo jembamba puani, ncha yake ifike kwa ndani mkabala na mahali kano inaposhika, kidole kikiwa nje juu ya kona. Kipande kikitembea kati ya koleo na kidole, kinahitaji kufungwa. Kisipotembea na hakijasogea kwenye picha, mwache mgonjwa bila upasuaji na umfuatilie.

Uliza pia kuhusu maji mepesi yanayotoka puani akiinama, au ladha ya chumvi kooni. Doa lenye duara kwenye shuka hukutia shaka tu; kipimo cha protini iitwayo beta-2 transferini ndicho kinachothibitisha kuwa ni ugiligili wa ubongo, pale maabara inapokiweza. Ukiuona au ukiushuku, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo awe sehemu ya mpango tangu siku hiyo.

Hatua ya tatu: isome CT-scan kwa kukitafuta kipande

Eksirei ya kawaida haitoshi. Omba CT-scan ya mikato ya milimita 1 hivi, itazamwe kwa mlalo, kwa mbele na kwa ubavu. Ripoti ya radiolojia isome, lakini picha zipitie mwenyewe, ukijiuliza swali moja kabla ya mengine: mfupa unaobeba kano una hali gani?

Uainishaji unaotumika dunia nzima, uliotolewa na Markowitz na wenzake mwaka 1991, unajibu swali hilo hilo. Katika aina ya kwanza kano imebaki kwenye kipande kimoja kikubwa. Katika aina ya pili mfupa umevunjika vipande vingi, lakini kile chenye kano bado kina ukubwa wa kushikika. Katika aina ya tatu mfupa umesagika hadi chini ya kano yenyewe, au kano imeng'oka. Upande wa kulia na wa kushoto huweza kuwa wa aina tofauti, kwa hiyo viandike kila kimoja peke yake.

Kano kung'oka tupu ni nadra. Karibu kila mara huondoka na mfupa wake. Nalisisitiza hili kwa sababu kano nyingi zinazokutwa zimeng'oka mezani zimeng'olewa na daktari aliyekuwa akizitafuta.

Ukimaliza hapo, tazama kuta za ndani na sakafu za matundu ya macho, sainasi ya paji (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa paji) na njia yake ya kutolea ute, sakafu ya fuvu, kisha taya la juu na vitefute. Jeraha hili mara nyingi halikuja peke yake.

Hatua ya nne: wakati, usingizi, na maneno kwa familia

Ngoja uvimbe upungue, lakini usingoje mifupa iungane. Siku ya 5 hadi ya 10 ni wakati mzuri kwa walio wengi; baada ya siku 14 vipande vinaanza kushika, ngozi inanywea, na kazi inakuwa ya kuvunja upya. Kwetu muda huu hauliwi na uvimbe, unaliwa na rufaa iliyochelewa, bima inayosubiri kibali, na familia inayochangishana fedha za bamba za kufungia mfupa. Kwa hiyo wewe wa hospitali ya mkoa andika rufaa siku ya kwanza, na juu yake uandike tarehe ambayo upasuaji usipite. Kama kuna kidonda kikubwa kilicho wazi juu ya mifupa, mpangie mapema zaidi na ukitumie kama mlango.

Zungumza na mtaalamu wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Mrija wa puani hautakiwi. Wa mdomoni unatosha kama meno hayahitaji kufungwa pamoja. Yakihitaji kufungwa, mrija unaweza kupitishwa chini ya kidevu, njia aliyoieleza Hernández Altemir wa Hispania mwaka 1986. Atakayehitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu afanyiwe tundu la hewa kooni.

Kwa familia sema wazi, kwa lugha yao. "Mama, mfupa unaoshika kona ya jicho la kijana wako umesogea. Tutaurudisha na kuufunga kwa waya na bamba ambavyo vitabaki ndani. Atakuwa na kovu ndani ya nywele, na paji linaweza kufa ganzi kwa muda." Waeleze pia kwamba upasuaji wowote wa karibu na jicho una hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kupoteza uwezo wa kuona, na kwamba huenda ukachukua mfupa wa fuvu au wa ubavu kwa ajili ya pua. Yote haya yawemo kwenye fomu ya ridhaa.

Hatua ya tano: kufungua

Kwa aina ya pili na ya tatu, mlango mkuu ni mkato wa kichwani, kutoka juu ya sikio hadi sikio, ndani ya nywele. Unakupa paji, mzizi wa pua, kuta za ndani za matundu yote mawili, na mfupa wa kupandikiza bila jeraha jingine. Ukate kwa mwendo wa zigizagi ili kovu lisijitenge nywele zikilowa. Pembeni mwa paji pita chini ya utando mnene wa msuli wa panja (temporalis), maana tawi la mshipa wa fahamu linaloinua nyusi liko juu yake.

Ongeza mlango wa kope ya chini, kupitia utando wake wa ndani, ili uuone ukingo na sakafu ya tundu la jicho, na ule wa juu ya ufizi kwa ajili ya kingo za tundu la pua. Kwa aina ya kwanza milango hii ya chini mara nyingi inatosha. Kidonda kilichopo kitumie. Usianzishe mkato mpya kando ya mzizi wa pua ukiweza kuuepuka, kwa kuwa kovu la hapo hujikunja na kutengeneza utando mbele ya kona, na mgonjwa ataliona kila siku kwenye kioo.

Unapoinua utando wa mfupa kuelekea kona ya jicho, punguza mwendo. Inua juu ya kano, inua chini yake, usiinue ilipo. Vipande vidogo vilivyolegea viweke kwa mpangilio kwenye gozi yenye maji ya chumvi, utavihitaji.

Hatua ya sita: waya unaokwenda nyuma

Hapa ndipo upasuaji unapofaulu au kuharibika.

Kipande cha aina ya kwanza kinarudishwa kwa macho, kinafungwa kwa bamba ndogo za milimita 1.0 hadi 1.3 kwenye paji na kwenye ukingo wa chini wa tundu la jicho, basi. Bamba nene usiiweke karibu na kona. Ngozi ya hapo ni nyembamba na itaionyesha.

Kwa aina ya pili, bamba peke yake hazitoshi, kwa sababu zinashika kingo za mbele tu. Unahitaji waya wa chuma, unene wa geji 28, upite ndani ya pua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kigeuze kipande taratibu, ukitoboe matundu mawili nyuma na juu ya shimo la kifuko cha machozi. Pitisha waya kupitia ukuta wa kati wa pua hadi upande wa pili kwa oli (chombo chenye ncha kali cha kutobolea) au sindano nene, huku msaidizi akilinda jicho la upande huo kwa bapa la chuma. Pande zote mbili zikiwa zimevunjika, waya mmoja unavifunga vipande viwili kwa kukabiliana. Ukiwa umevunjika mmoja tu, waya upeleke kwenye skrubu iliyokazwa kwenye mfupa mzima wa paji, upande wa pili.

Sababu ya kusisitiza nyuma ni hii. Waya ukiwa mbele, ukiukaza, kingo za mbele zinakaribiana lakini zile za nyuma zinafunguka kwa nje, na kano imeshika huko nyuma. Mezani utaona pua nyembamba na ufurahi, kumbe macho umeyaachanisha. Waya ulio nyuma na juu unaivuta kona mahali pake pa kuzaliwa.

Mpangilio wangu ni huu: pitisha waya kwanza bila kuukaza, rudisha vipande, funga bamba za pembezoni, kisha kaza waya mwishoni, taratibu, kwa zamu kama zipo mbili. Kaza hadi kona zionekane zimekaribiana kupita unavyotaka. Kukaribisha mno kwenye mfupa huu karibu haiwezekani, na tishu zitalegea kidogo zenyewe. Tazama picha iliyoko ukutani kabla hujakata ncha za waya.

Kwa aina ya tatu, jenga ukuta wa ndani wa tundu la jicho kwanza, kwa mfupa wa fuvu au wavu wa titani, ndipo uishike kano. Ukianza na kano itakuziba usione ndani. Kano ifikie kwa mkato wa milimita 3 hivi kwenye ngozi ya kona, ipige uzi usioyeyuka au waya mwembamba mara mbili, uingize ndani, kisha uupitishe kwenye tundu la ukuta mpya, nyuma na juu, kama ilivyoelezwa. Jaribu kwa kuvuta: kona ikisogea pamoja na uzi, umeshika kano, ngozi tu ikijikunja, rudia.

Hatua ya saba: kuta za jicho

Kabla ya kuweka chochote, shika jicho kwa koleo dogo na ulizungushe pande zote. Fanya hivyo tena ukishaweka wavu au mfupa. Likikwama mara ya pili, umelibana wewe, na dawa yake ni kuondoa na kuweka upya pale pale.

Kipandikizi kikae juu ya mfupa mzima ulioko nyuma, kisining'inie. Vitabu vinatoa umbali kutoka ukingo wa mbele wa shimo la kifuko cha machozi: milimita 24 hadi ateri ya mbele ya ethmoidi, 36 hadi ya nyuma, 42 hadi mfereji wa mshipa wa fahamu wa jicho. Ni vipimo vya wastani, na kwenye jeraha hili ukingo wenyewe umesogea. Vitumie ukisharudisha kipande, na hata hivyo kwa tahadhari. Mboni zitazamwe kila unapokandamiza jicho kwa muda.

Sainasi ya paji niiseme kwa ufupi: njia ya ute ikiwa imeharibika, au ukuta wa nyuma umesagika, uamuzi ni wa pamoja na daktari wa ubongo. Na kama uso mzima umevunjika, jenga kwanza paji, vitefute na upinde wa shavu, maana ndivyo vinavyotoa upana, funga meno, eneo la pua na macho lifuate.

Hatua ya nane: pua, kisha ngozi

Nyosha ukuta wa kati wa pua na uurudishe mstarini. Mgongo wa pua ukiwa umepoteza mhimili, ambalo ni jambo la kawaida kwa aina ya pili na ya tatu, pandikiza mfupa wa fuvu au ubavu siku hiyo hiyo, ukiufunga kwenye paji kwa bamba na kuuacha ushuke hadi karibu na ncha. Wapo wanaopenda kungoja miezi waone pua itakavyokuwa. Mimi sikubaliani nao: ngozi ikishanywea juu ya pua fupi, hairefuki tena kwa urahisi.

Ngozi nayo inahitaji kurudishwa, kwani damu na uvimbe vikijaa kati yake na mfupa, bonde la kona ya jicho linapotea hata kama waya wako ni sahihi. Weka pedi laini pande zote mbili za mzizi wa pua, juu yake banzi la pua, likandamize kwa siku 7 hadi 10. Kagua ngozi iliyo chini yake kila siku. Pedi iliyokazwa mno huua ngozi.

Hatua ya tisa: wodini na kliniki

Kwa saa za kwanza muuguzi apime uwezo wa kuona na mboni kila dakika 15, baadaye kila saa hadi zitimie 24, na aandike. Mwachie maagizo kwa maandishi: maumivu yanayozidi, jicho kutokeza au kuona kupungua ni sababu ya kukuamsha usiku. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Mgonjwa asipenge kamasi kwa wiki mbili au zaidi, na akipiga chafya afungue mdomo.

CT-scan ya kukagua ifanyike kabla hajaruhusiwa, hasa kama umeweka kitu ukutani mwa jicho. Kona iliyokaa vibaya ni rahisi kuirekebisha wiki ya kwanza kuliko mwaka unaofuata, kwa hiyo picha ikikuonyesha kosa, mrudishe mezani.

Kliniki aje wiki ya kwanza, ya sita, mwezi wa tatu, wa sita na mwaka. Kila mara pima kona kwa kona na uandike namba. Kuona vitu viwili viwili kwa wiki za mwanzo hutokea na mara nyingi hupungua. Kukizidi au kusipopungua, mtazame msuli na daktari wa macho. Jicho kulengalenga machozi pia ni kawaida uvimbe ukiwepo, ndiyo maana mfereji wa machozi hauchokonolewi kwenye upasuaji wa kwanza isipokuwa umeuona umekatika. Kulengalenga kukiendelea hadi mwezi wa tatu hadi wa sita, mfereji umeziba, na suluhisho ni kufungua njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani. Kona ikivimba, ikawa nyekundu na kutoa usaha, usihesabu miezi: tibu maambukizi kwanza, kisha mpangie upasuaji huo.

Mgonjwa na ndugu zake waondoke na karatasi inayotaja dalili za kurudi mara moja bila kungoja tarehe: maji mepesi puani, na homa yenye kuumwa kichwa na shingo kukaza. Waambie kwamba homa ya uti wa mgongo kutokana na ufa wa sakafu ya fuvu inaweza kuja hata miezi baada ya ajali, na kwamba yeyote atakayempokea siku hiyo aonyeshwe karatasi hiyo kabla mgonjwa hajapewa dawa za malaria.